Kwa Heshima na Taadhima: Vumbi la Uwanja Wetu

Mgeni rasmi, meza kuu, waamuzi, viongozi wa timu zote mbili, mama muuza mihogo, ndugu zangu mliokaa juu ya ukuta wa shule na nyie mliopanda mwembe: itifaki imezingatiwa. Kwa kuwa pale uwanjani sijawahi kupewa kipaza sauti, hotuba yangu naitolea hapa. Katika mashindano yetu tumeshamshukuru aliyetoa jezi, tumemshukuru aliyetoa mbuzi, tumemshukuru hata mwenye spika ambaye mpaka leo hajalipwa. Vumbi hakuna aliyewahi kulishukuru. Nalo ndilo pekee ambalo halijakosa mechi hata moja.

Kwa wageni niseme kidogo. Ndondo ni mpira wa mitaani, nje ya ligi zinazosimamiwa na TFF, unaochezwa jioni jua likishapunguza ukali. Zipo ndondo zenye jina. Ndondo Cup ya hapa Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 2014, imeshajaza uwanja wa Kinesi mpaka mtu akitaka kugeuka inabidi aombe ruhusa. Yetu si hiyo. Yetu ni ndondo ya mtaa: timu nane, mbuzi mmoja, spika mbili, na vumbi jekundu linaloanza kunyanyuka wachezaji wakiwa bado wanafunga kamba za njumu.

Wapo wanaosema uwanja wetu haufai. Hao hawajasoma sheria. Sheria ya kwanza kati ya zile 17 za mpira wa miguu inataka uwanja uwe wa asili kabisa, au wa bandia kabisa kama kanuni za mashindano zinaruhusu, na wa bandia lazima uwe wa kijani. Wetu ni wa asili kabisa. Viwanja vya Ulaya hupandwa, hukatwa, humwagiliwa, vingine hupitishiwa mabomba ya joto chini kwa chini. Huko uasili uko wapi? Wetu haujaguswa na mkono wa binadamu, ukiacha wale waliokuja usiku kuchota mchanga wa kujengea.

Na faida zake ni nyingi mno. Vumbi linaondoa ubaguzi: kipindi cha kwanza huwa na timu nyekundu na timu ya bluu, kipindi cha pili zote zina rangi moja, na pasi zinamfikia kila mtu bila upendeleo. Linakuza biashara ya sabuni na ya maji ya kandoro. Linamsitiri mamluki, yule kijana wa timu kubwa aliyekodishwa kwa jioni moja na kuandikishwa kwa jina la binamu wa katibu, kwa sababu kufikia dakika ya ishirini hata mama yake mzazi asingemtambua. Linafundisha dini pia. Sijaona mahali pengine watu wanasukutua kwa bidii namna ile kabla ya magharibi.

Hizo ni sifa ndogo. Sifa kuu ya vumbi, ambayo nisipoieleza nitakuwa nimelidhulumu, ni kwamba linalinda amani kwa kuficha.

Chukua robo fainali yetu ya mwaka huu. Timu ya mtaa wetu na ya mtaa wa pili, bao moja kwa moja, zimebaki dakika chache. Milingoti ya goli letu ni ya mkaratusi, mwamba wa juu ni kamba ya katani, nyavu hatujawahi kuwa nazo. Winga wetu akamchomoka beki, akapiga krosi, wakaruka watu sita au saba kwa pamoja, na wakati huohuo bodaboda ikakatiza nyuma ya goli kwa kasi, maana njia ya mkato inapita pale. Vumbi likanyanyuka mpaka usawa wa mwembe. Tukasikia mguu umegonga mpira. Tukasikia mtu analia “Mama!” Vumbi lilipotulia, kipa amekaa chini, straika wetu amelala kifudifudi, na mpira umo ndani ya beseni la mihogo ya kukaanga, nyuma ya goli.

Umepita ndani ya milingoti au nje? Pembeni yangu alisimama mzee mmoja ambaye haikosi mechi.

“Shikamoo mzee. Umeliona goli?”

“Marahaba, mwanangu. Vumbi nimeliona. Goli nimelisikia.”

Refa alikuwa katikati ya lile wingu, anakohoa. Akamwendea mshika kibendera. Mshika kibendera, ambaye kibendera chake ni kipande cha khanga na kilikuwa kimeshageuka rangi ya udongo, akasema yeye alikuwa anajifuta macho. Ikabaki shahidi mmoja, mwenye beseni. Refa akamfuata kwa adabu, akamuuliza: “Mama, mpira umepita wapi?” Mama akamtazama juu mpaka chini. “Baba, mimi nadai mihogo yangu.”

Hapo refa akafanya jambo ambalo halimo katika kitabu chochote: akapuliza kipenga cha kumaliza mchezo. Na timu zote mbili zikaondoka zinashangilia. Sisi tulikuwa na uhakika tumefunga. Wenzetu walikuwa na uhakika hatukufunga. Hakuna aliyemwonyesha mwenzake kwamba amekosea, kwa hiyo hakuna aliyempiga mwenzake. Kamati ya mashindano ikakaa siku mbili, ikatoka na uamuzi wa hekima: zote zisonge mbele. Nusu fainali ikawa na timu tano.

Sasa angalia wenzetu wa kamera. Kombe la Dunia la mwaka 2018 kule Urusi ndilo lililokuwa la kwanza kutumia VAR. Tangu hapo watu wazima wanafungiwa chumbani na lundo la runinga, wanachora mistari kutafuta kama kwapa la mshambuliaji limemtangulia beki, maana mkono hauhesabiwi katika kuotea na mwisho wake ni kwapani. Uwanja mzima unasubiri. Goli linafutwa kwa sababu ya kwapa. Je, wamepata amani? Kila wiki wanalia. Mwenye kamera analazimishwa kujua kwamba timu yake haikustahili. Sisi wa vumbi tunalala na haki zetu, kila mtu na yake.

Naweza kwenda mbali zaidi. Vumbi ni mtunza hazina mzuri kuliko wote. Ndoo ya michango ya mpira mpya ilipitishwa kwa watazamaji wakati wa mapumziko ya nusu fainali, ikaonekana inaingia kwenye wingu upande wa shule ikiwa nzito, ikatokea upande wa barabara ikiwa nyepesi. Nani wa kulaumiwa? Na mwaka jana, mbuzi aliyepigwa picha na mgeni rasmi alikuwa beberu, mnene, mwenye ndevu. Mbuzi aliyekabidhiwa kwa mabingwa, baada ya wachezaji kuzunguka uwanja kwa furaha na kututimulia vumbi, alikuwa jike. Mabingwa walishukuru. Mwenyekiti wa kamati alishukuru. Picha ya beberu bado ipo ukutani kwenye ofisi ya kamati, na vumbi limeikalia vizuri.

Hata katika mbinu vumbi ni mwalimu. Kuanzia Juni mpaka Septemba upepo wa kusi unavuma tangu adhuhuri, na kapteni anayejua kazi yake akishinda shilingi huchagua kushambulia goli la kaskazini, vumbi liwe mgongoni mwake na machoni mwa kipa. Ni mbinu safi. Ina kasoro moja. Nyuma ya kipa huyo nipo mimi. Nyumba ninayopanga iko pale, madirisha mawili yanatazama goli.

Kwa hiyo naomba nisimamishe sifa kidogo niseme la moyoni. Nimechoka. Wali wa nyumbani kwangu una mchanga hata ukichaguliwa mara tatu. Nguo zinaanikwa nyeupe zinaanuliwa za rangi ya tofali, na maji ya kuzifua tena yanapatikana kwa dumu, tunayapanga foleni. Mwanangu wa mwisho anakohoa usiku hadi majirani wanaamka. Tulimpeleka zahanati, tukaambiwa: “Mwepusheni na vumbi.” Nikauliza tumwepushie wapi. Mganga akanitazama, akainama, akaandika dawa, na dawa yenyewe haikuwepo, tukaenda kuinunua duka la dawa la nje. Usiku huo hapakuwa na mzaha nyumbani kwetu, na kama kuna mtu angeniambia kwamba ndondo ni utamaduni ningemfungia mlango.

Samahanini. Nimetoka nje ya mada. Narudi kwenye sifa.

Wazee wanasema vumbi hili halikuzaliwa hapa, lililelewa. Zamani palikuwa na nyasi, ukoka wa kujiotea, na mikorosho mitatu upande wa mashariki ambako watazamaji walikaa kivulini. Kwenye mchoro wa mipango miji pameandikwa eneo la wazi mpaka leo. Lakini kitu kikiwa wazi hapa kwetu, kila mtu huona kimeachwa wazi kwa ajili yake. Walikuja wa mkutano wa injili, wiki mbili, na magari yao. Yakaja malori ya kokoto kulala, kwa malipo ambayo risiti yake sijaiona. Sasa kila asubuhi linakuja gari la kufundishia udereva, linazunguka duara la katikati polepole na mwanafunzi anayetokwa jasho, mpaka duara lenyewe limechimbika na mchezaji akisimama humo anaonekana kuanzia kiunoni. Ukoka gani utaota?

Kisha ukaja uchaguzi, na mgombea mmoja akaja kwa helikopta. Sijawahi kuona vumbi likitendewa heshima kubwa namna ile. Vumbi la ndondo, hata siku ya fainali, linatimuliwa na watu ishirini na wawili. Siku ile lilitimuliwa na mashine. Mabati mawili ya choo cha jirani yaling'oka. Sufuria ya maharage ya mama mmoja ilijaa juu. Mgombea akashuka, akapanda jukwaani, akasubiri tumalize kukohoa, akasema: “Ndugu zangu, mkinipa kura zenu, uwanja huu nitauwekea nyasi.” Tulishangilia. Mimi nilishangilia. Mtu akishakaa miaka ndani ya vumbi, neno nyasi linamlevya.

Alishinda. Tulipomkumbusha tukaambiwa suala letu limepokelewa na linafanyiwa kazi. Mwaka uliofuata tukaambiwa mchakato unaendelea. Halafu tukaarifiwa kwamba upembuzi yakinifu umekamilika, tukapiga makofi tena, ingawa mzee wangu yule wa goli la kusikia aliuliza kwa sauti kama upembuzi yakinifu unamwagiliwa mara ngapi kwa wiki.

Nyasi hazikuja. Lililokuja ni boza. Linakuja siku ya fainali, saa nane mchana, kabla ya mheshimiwa. Nilisimama dirishani nikaliangalia kazi yake yote. Lilimwaga maji kuanzia hema la meza kuu mpaka mstari wa pembeni, upana wa hema, likarudia mara ya pili pale penye viti vyenye vitambaa, kisha dereva akafunga bomba na kuondoka na maji mengi bado yamo. Nje ya kile kipande, uwanja ulibaki jinsi ulivyo. Wachezaji walicheza ndani ya vumbi, wananchi walitazama ndani ya vumbi, na mheshimiwa alikaa mbele ya zulia la matope mazuri, baridi, akila karanga.

Kwenye hotuba alitukumbusha kwamba Mbwana Samatta ametoka kwenye vumbi hilihili. Tulipiga makofi, maana Samatta ni wetu, kijana wa Mbagala, na tarehe 1 Machi 2020 alifunga goli pale Wembley, Aston Villa wakicheza na Manchester City fainali ya Kombe la Ligi. Lakini naomba watu waitazame tena ile video. Alifunga kwa kichwa. Huko juu vumbi halifiki. Na kabla ya kufika huko alipitia TP Mazembe na Genk, ambako mchezaji hapewi vumbi akaambiwa ni mtaji. Kama kweli vumbi ndilo linalozalisha wachezaji, basi waliotuletea Uwanja wa Mkapa mwaka 2007, wa watu 60,000 na nyasi kila upande, walituhujumu. Na CAF ilipozipa Kenya, Uganda na Tanzania AFCON ya 2027 tungepaswa kuokoa mabilioni: tungewapeleka Morocco na Senegal kwetu, wakacheza kuelekea kaskazini.

Tuendelee kusifu. Sheria inaruhusu uwanja uwe na upana wa meta 45 kwa uchache na urefu wa meta 90. Vumbi letu limekuwa na ukarimu wa kujipunguza mwaka hadi mwaka kuelekea vipimo hivyo, na sasa nina hofu limevipita. Fremu ya kwanza ya duka ilijengwa upande wa barabara, usiku, tukaamka ina rangi. Ikafuata ya pili, ya wakala wa pesa. Ya tatu ni ya kinyozi. Mstari wa pembeni ukasogezwa, ukasogezwa tena, na leo kona ya upande ule inapigwa kutoka barazani kwa kinyozi. Mpiga kona anaingia na njumu zake, anarudi nyuma hatua tatu mpaka mgongo unagusa kioo, na kinyozi, ambaye ni mtu mstaarabu na simlaumu, anamwambia mteja: “Inama kidogo, kaka, kona.” Mteja anainama. Mpira unapigwa. Kunyoa kunaendelea. Winga wetu mmoja aliondoka huko na povu la sabuni begani, akaanguka kwenye eneo la hatari, akainuka ameviringika vumbi kama kachori kwenye unga, na refa akashindwa kabisa kujua ni wa timu gani.

Nani alitoa kibali cha fremu? Swali hili nimelipeleka mwenyewe kwa miguu yangu. Ofisi ya mtaa walinipokea vizuri, wakasema masuala ya ardhi ni ya juu, niende kata. Kata wakasema wao wanasimamia tu, niende halmashauri. Halmashauri, baada ya kuniketisha kwenye benchi mpaka saa ya chakula, wakasema kibali kilitolewa kutokana na muhtasari wa kikao cha mtaa, hivyo nirudi mtaani. Nikarudi. Daftari la mihutasari lipo, limeandikwa kwa mwandiko mzuri, na ukurasa wa kikao hicho haupo. Karani akalipekua mbele yangu, akalipuliza, vumbi likaruka, tukapiga chafya wote wawili.

“Ulikuwepo, mzee,” akasema. “Sasa sijui nani kauchukua. Hakuna aliyeona.”

Nilisimama pale nikiwa na machozi ya chafya, nikatambua kwamba yale niliyokuwa nayasifu ni ya uwanjani tu, na kwamba vumbi lina wanafunzi wenye ofisi, mihuri na magari, waliomzidi mwalimu. Sisi vumbi lilituficha goli moja. Wao wameficha nusu ya uwanja, mchana, bila upepo.

Na hawajamaliza. Wapimaji walikuja na miguu yao mitatu ya chuma, wakachungulia, wakaandika, wakapanda bikoni mbili ndani ya eneo la penati la goli la kaskazini. Hawakumsalimia mtu. Jioni tukacheza hivyohivyo. Straika wetu akiwa amebaki yeye na kipa, akajikwaa kwenye bikoni, akaanguka. Refa akampa kadi ya njano kwa kujiangusha. Nilikwenda kuitafuta sheria nimtetee: kitu cha nje kikiingia uwanjani wakati wa mchezo, refa atasimamisha mpira endapo tu kitu hicho kinauingilia mchezo. Sheria haimsaidii kijana wetu. Bikoni haikuingia wakati wa mchezo. Iliingia Jumanne, saa nne asubuhi, ikiwa na namba.

Nyumbani kwangu wameshaanza kuniambia nishukuru: pakijengwa vumbi litakwisha, mtoto atalala. Inawezekana. Vijana arobaini wanaocheza pale kila jioni nao watatafuta pa kwenda, na sijui mtu yeyote aliyekwisha kuwatafutia. Walichoahidiwa kilikuwa nyasi na maji, si ghorofa.

Fainali ni Jumapili, saa kumi na nusu jioni. Kiingilio hakuna. Mgeni rasmi ni mheshimiwa yuleyule, na kutoka kitini pake anasikia vizuri, maana wakimwagia maji pale mbele panakuwa kimya na pasafi. Msomaji, ukija vaa barakoa, na akimaliza hotuba nyosha mkono umuulize zile bikoni ni za nani.